Kurejesha Sauti ya Gari la Bi Time

Sababu ya safari ilikuwa khitma. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana chuo chake cha Kurani huko Msuka, aliniletea salamu kwamba wanafunzi wake wamemaliza msahafu na wanataka kusoma mbele yangu. Mimi nakaa Chokocho, kusini ya kisiwa, na Msuka iko kaskazini kabisa. Magoti yangu hayawezi tena kupanda na kushuka magari ya abiria. Kwa hiyo nilikwenda kwa jirani yangu Bi Time kuazima gari.

Gari hilo aliliacha marehemu mumewe, Mzee Shaame. Bi Time haendeshi. Tangu afiwe, kila Ijumaa asubuhi mimi humwashia, naye hukaa barazani akasikiliza mpaka injini ipate moto, kisha huniashiria kwa mkono nizime. Injini hiyo ilikuwa na mlio mwepesi wa kugonga ndani yake, kama mtu anayegusa sahani kwa ukucha. Tulikuwa tumeshauzoea. Hajapata kumpa mtu gari hilo atoke nalo nje ya kijiji.

"Kwa ajili ya Kurani, chukua," aliniambia. "Lakini Maalim, unirejeshee na sauti yake. Mie sina jengine la kumsikia."

Nikamwambia inshallah, na nikachukua ufunguo.

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, niliondoka Chokocho. Barabara ilikuwa na umande na watu walikuwa wanakwenda mashambani. Hadi Mtambile sikukutana na gari zaidi ya mbili. Chake Chake nilisimama kunywa chai na kula mkate wa ajemi, nikatia petroli, nikaendelea na barabara ya Konde. Kule barabara hupanda na kushuka bila kuchoka: bonde la mpunga, kilima cha mikarafuu, bonde tena. Nilikuwa nimevingirisha tasbihi kwenye mkono wa kushoto, nikawa navuta uradi wangu wa asubuhi taratibu. Namshukuru Mungu kwamba umri huu bado ananipa macho ya kuendesha.

Saa tatu hivi, kabla ya Konde, nilikuwa namaliza mlima kwa gia ya tatu. Juu palipokuwa sawa gari likakolea mwendo, nikataka kuingiza ya nne. Punje za tasbihi zikaingia baina ya kiganja na kirungu cha gia, mkono ukateleza kando, na gia ikaingia ya pili. Nikaachia klachi. Gari lilivutwa nyuma kama limefungwa kamba, na injini ikapiga ukelele ambao sijapata kuusikia. Nikakanyaga klachi haraka, nikasogea pembeni.

Nilipoondoka tena injini ilikuwa inagonga. Haukuwa tena ule ukucha kwenye sahani. Ulikuwa mlio mzito, wa chini, unaozidi kila nikikanyaga mafuta. Nikaenda polepole mno, baiskeli zikinipita, mpaka gereji ya Fundi Khatibu, Konde.

Fundi Khatibu ni mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye wajukuu. Alisoma chuoni kwangu alipokuwa mdogo. Aliponiona alifuta mikono, akainama akanibusu mkono wangu, ukabaki na alama ya grisi.

"Shikamoo Maalim. Karibu. Mbona gari linalalamika?"

"Marahaba. Ndilo lililonileta."

Akafungua boneti, akaniambia niwashe. Alisikiliza kwa muda mfupi tu, kisha akanyoosha mkono nizime.

"Limeanza vipi, Maalim?"

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilisema, "Nilikuwa napanda mlima, likaanza." Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja hayakuwa kweli.

Akanitazama, akatazama chini. "Pengine petroli, Maalim. Petroli chafu hugongesha injini."

"Pengine," nikajibu.

Basi akamwaga petroli yote, akasafisha tangi, akatia nyengine. Tukawasha, ikagonga. Akatoa plagi, akazisugua moja moja, akazirudisha. Ikagonga. Akapima moto wa plagi, akageuza kidogo, akarudisha ulipokuwa. Ikagonga zaidi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama. Kila alipowasha niliona uso wake unakunjamana, na haraka haraka akazima, kama mtu anayeogopa kitu asichotaka kukitaja.

Adhuhuri ilipoingia tulikwenda msikitini pamoja. Wakati natawadha nilikumbuka kwamba wiki ile ile, katika darasa langu, nilisomesha mlango wa kuazima: kwamba aliyeazimwa kitu amebeba dhamana ya kitu hicho mpaka kirudi kwa mwenyewe. Nilikuwa nimeueleza vizuri sana. Nikasali, na baada ya salamu sikungoja.

"Khatibu, nilikosa gia. Nilitaka ya nne nikaingiza ya pili, kwa mwendo mkubwa. Tasbihi ilinizonga mkononi."

Akapumua. "Alhamdulillahi."

"Unashukuru nini?"

"Nilijua tangu ulipoingia getini, Maalim. Ule ni mlio wa konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni. Kila tukiwasha namwomba Mungu isikatike ikatoboa injini."

"Ikatoboa injini ya watu! Na ulikuwa unasafisha plagi? Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize weye kama umekosa gia?" Alitaka kucheka, akajizuia. "Weye ndiye ulonfundisha alifu."

"Ulipokosea harufi mimi nilikuwa nakwambia."

"Ulikuwa hunambii, Maalim. Ulikuwa unanchapa. Dhadi peke yake nilikula fimbo wiki nzima."

"Basi leo ni zamu yako. Nichape, kisha ufungue injini."

Tukarudi gereji na kazi ikaanza upya, safari hii kwa njia yake. Khatibu aliwasha injini ikiwa inakwenda taratibu, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Alipochomoa wa kwanza na wa pili, mlio ulibaki vile vile. Alipochomoa wa tatu, ukafifia, karibu unyamaze. Akanieleza kwamba silinda isiposukumwa na moto, konrodi yake haina nguvu ya kugonga. Kwa hiyo mgonjwa ni wa tatu. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha ubavuni mwa injini na mpini sikioni, akanipa na mimi nisikilize. Ilikuwa kama kusikia mtu anayepiga mlango kutoka chumba cha ndani.

Alipomwaga oili aliniomba kitambaa cheupe. Nikampa leso yangu. Oili ikapita, na juu ya leso zikabaki chembe ndogo zinazong'aa. "Hizo ndizo beringi," akasema. "Zimesagika."

Akalala chini ya gari, akafungua sampu, lile bakuli la oili, akashika konrodi ya tatu na kuitikisa. Ilicheza mkononi mwake. Zile nyengine zilikaa imara. Alipoifungua akatoa beringi yake, vibati viwili vya nusu duara, vile vinavyoishika ile shafti kubwa ya krenki. Vilikuwa vimekwaruzwa. Kisha akapitisha ukucha juu ya krenki yenyewe, huku na huku, akiwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa gari. Krenki ikiwa imechimbika, injini ya Mzee Shaame ingekuwa imekwisha.

"Laini," akasema. "Umeokolewa na kwenda polepole."

Halafu akafungua na konrodi zile nyengine, akageuza kibati kimoja cha ya tatu kwenye mwanga. "Ila Maalim, hichi si cha kiwandani. Vyengine vyote vina alama moja, hichi kina alama nyengine. Mtu aliwahi kuifungua ya tatu hii hii, akabadilisha yake peke yake, na hakikukaa vizuri. Lazima ilikuwa inagonga kidogo siku zote. Nani aliyekuwa akiendesha?"

Nilimkumbuka Mzee Shaame na ule ukucha kwenye sahani. "Sijui," nikasema, kisha nikajirekebisha. "Najua, lakini ameshakufa. Tumsitiri."

"Tumsitiri," Khatibu akaitikia, akatia kibati mfukoni.

Alipiga simu Wete, akapata beringi za konrodi zote nne. Zingefika kesho asubuhi. Mimi nilimalizia njia ya Msuka nyuma ya bodaboda, kanzu nimeikunja magotini, na wenyeji wangu walicheka waziwazi waliponipokea. Baada ya alasiri wanafunzi walisoma. Msichana mmoja aliteleza kwenye aya, akasimama, akasema mwenyewe, "Nimekosea, narudia," akarudia. Sikuwa na la kumsahihisha. Nilimwombea dua ndefu kuliko wenzake, na hakuna aliyejua kwa nini.

Alhamisi asubuhi nilirudi Konde. Khatibu alibadilisha beringi zote, akakaza kila nati kwa spana ya kipimo, akafunga sampu na kutia oili mpya. Kabla ya kuwasha alitenga waya wa moto, akaizungusha injini bila kuwaka mpaka taa ya oili ikazimika. "Ianze kunywa kwanza," akasema. Kisha akarudisha waya, akanipa ufunguo. "Sema bismillahi."

Nikasema. Injini ikawaka, ikatulia. Hapakuwa na mlio mzito. Hapakuwa na ukucha pia. Khatibu alitabasamu, mimi nikaingiwa na wasiwasi: nilikuwa nimeambiwa nirejeshe sauti, na sauti ile haikuwepo tena.

"Tasbihi, Maalim," akaniambia wakati wa kuagana. "Mfukoni."

Nilirudi pole pole, kama alivyoniagiza, ili beringi zizoee. Mlima ule niliupita na mikono miwili mitupu.

Saa kumi alasiri nilifika Chokocho. Bi Time alikuwa barazani anachambua mchicha. Nilisimamisha gari bila kuzima. Akaacha mchicha, akatega sikio.

"Si hiyo," akasema.

"Si hiyo, Bi Time. Nilikosa gia, nikaharibu beringi. Imetengenezwa, lakini ule mlio wake umeondoka. Nisamehe. Sikukurejeshea ulichonipa."

Alinyanyuka, akaja, akaweka kiganja juu ya boneti. Mimi nilitazama usukani. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Marehemu yeye aliniambia ni petroli," akasema mwishowe.

Nikainua macho.

"Alikwenda Wete, akakaa siku mbili, akarudi na gari linagonga kidogo. Akaniita Mama Fatma, akanambia petroli chafu. Miaka yote ile petroli chafu! Nikawa namngoja aniambie. Akafa hajanambia." Akacheka kidogo, macho yakalengwa na machozi. "Na mie nikikaa hapa kila Ijumaa nausikiliza uongo wake, naupenda hivyo hivyo."

"Mungu amrehemu," nikasema.

"Amina. Sasa hii unayoisikia, Maalim, ni ile ya mwanzo. Ndivyo lilivyokuwa siku aliyolishusha melini Mkoani, akanipakia mbele, tukaja nalo mpaka hapa. Nilikuwa nimeshaisahau."

Hakuniashiria nizime. Tulikaa, yeye kaegemea gari, mimi ndani, mpaka jua likashuka kwenye minazi na nikasema alasiri inakwisha, mafuta yanateketea.

"Yaache," akasema. "Kesho Ijumaa. Utakuja?"

Nikamwambia nitakuja. Nilichojifunza katika safari hii nilikuwa nikiwafundisha watoto tangu ujana wangu, na sasa nakifundisha kwa sauti ya chini kidogo.