Mwanafunzi wangu wa ubongo alimkimbia mgonjwa sokoni Mukuyuni, na nilikataa afukuzwe

Wakuu, amani iwe kwenu.

Nitaandika mambo jinsi yalivyokuwa. Umri wangu hauniruhusu tena kuongeza chumvi, na Mwenyezi Mungu anasoma kabla yenu.

Mimi ni Muislamu wa Kitui mjini, nimestaafu. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha wanafunzi wa masters chuoni Nairobi. Somo letu lilikuwa ubongo na mishipa ya fahamu. Siku hizo ukisema unasomea neuroscience, watu wanakuuliza utaajiriwa na nani.

Mkuu wa idara, nitamwita Profesa tu, aliamini mtu wa ubongo anatengenezwa ndani ya lab. Panya, waya, darubini, basi.

Mimi nilikuwa na sharti langu. Kabla hujaanza thesis, tunakaa muhula mzima Ukambani kati ya watu wenye kifafa. Hata kijijini Kwa Vonza, huko Kitui, kuna ubongo, si Ulaya peke yake.

Mwende alikuwa mwanafunzi wangu bora. Binti wa Nunguni, huko huko Ukambani, mkali wa mitihani.

Siku ya soko tukawa Mukuyuni. Mama mmoja muuza maparachichi, Syokau, akaanguka na kuanza kutetemeka. Watu wakarudi nyuma wote. Wengi kwetu waliamini povu la mgonjwa likikugusa, nawe utaanguka siku moja.

Mwende akarudi nyuma pamoja nao, kisha akakimbia. Vitabu vyote alikuwa navyo kichwani, lakini miguu yake ililelewa Nunguni.

Nikamlaza yule mama kwa ubavu, nikaondoa mawe karibu na kichwa chake, nikangoja mpaka akatulia. Na hapa niseme kwa faida ya wote: usimtie mtu kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ungoje.

Habari ikafika Nairobi kabla yetu. Profesa akaniita.

"Mzee Salim, huyo msichana aondoke. Anaogopa ugonjwa anaousomea!"

"Haondoki."

"Wewe ndiye uliyemwaibisha na hayo masoko yako. Angebaki lab tusingejua."

"Hapo umesema kweli. Angepata digrii na hofu yake ikiwa nzima, na tusingejua."

Akakasirika. Akasema mwisho wa muhula Mwende atasimama mbele ya jopo, na asipokuwa na wagonjwa wa kufanyia utafiti, anarudi kwao. Alijua vizuri kwamba hakuna familia hata moja iliyokuwa imekubali kutuambia ina mgonjwa.

Nikamjibu kwamba Mwende akienda, na mimi nafunga virago.

Niliswali, kisha nikamweleza Mwende yote. Alilia kidogo. Halafu akasema, "Mwalimu, turudi Mukuyuni."

Pale sokoni kulikuwa na hoteli ya chai. Kikombe cha Syokau kilitundikwa peke yake kwenye msumari, nje. Hakuna mwingine aliyekitumia, hata kikioshwa. Syokau mwenyewe alishazoea.

Mwende akamwendea, akamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, siku ile nilikukimbia."

"Niliambiwa," Syokau akajibu. "Wanasema uliwashinda mbio hata wauza kuku. Na viatu vile vya Nairobi!"

Watu wakacheka. Mwende akakishusha kile kikombe, akampa mama wa hoteli.

"Nitilie humu."

"Aiya! Daktari, hicho ni cha Syokau."

"Najua ni cha nani. Tia."

Akanywa akiwa amesimama, mbele ya soko zima, mpaka kikombe kikaisha.

Syokau akamtazama. "Na mimi sasa nitanywea nini?"

Mama wa hoteli alisita sana. Mwishowe akamtilia kwenye kikombe cha wateja.

Kabla soko halijavunjika, mwanamke mmoja alimvuta Mwende pembeni, akamwambia ana mtoto nyumbani amemficha. Soko lililofuata wakaja wengine. Kumbe watu hawakuwa wakikataa dawa. Walikuwa wakiogopa kutengwa kama Syokau wakijulikana.

Mbele ya jopo, Profesa aliuliza, "Kunywa chai ni mbinu gani ya kisayansi?"

Mwende akasema, "Ni ile iliyonipa wagonjwa, Profesa. Kabla yake sikuwa na hata mmoja."

Wakampitisha. Profesa hakunisalimia kwa muda mrefu, na alhamdulillahi, usingizi wangu haukupungua.

Wapo waliosema nilichanganya dini na sayansi, kwa kuwa niliswali kabla ya kurudi sokoni. Waseme. Nilichojifunza ni hiki: mwanafunzi akiogopa, usimfukuze. Mrudishe pale pale alipoogopa, na uende naye.

Wenye wagonjwa wa kifafa nyumbani, semeni hapa bila kujificha. Na maprofesa mlioko humu mnaoona nilikosea, andikeni. Nikitoka msikitini nitawajibu mmoja mmoja.