Sauti ya Fundi Kola

Fundi Kola hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mkae naye mbele ya cherehani uone ulimi unavyomfunguka. Ndiyo maana chuo cha ushonaji kilimrekodi. Kwenye zile video huoni uso wake. Unaona mikono tu, na sauti inakuongoza: "Geuza kitambaa. Taratibu bwana, hakikimbii. Sasa punguza ncha." Wanafunzi walishona huku wakimsikiliza, macho hayabanduki kwenye sindano.

Alipofariki, mkewe hakutaka picha zake. Alitaka ile sauti. Kila jioni, akishaosha vyombo, alifungua somo la kola kwenye tovuti ya chuo, kwa simu, akaliacha liongee jikoni. Watu wakasema kachanganyikiwa. Waseme.

Siku moja akafungua, kimya. Chini ya mikono ya mumewe yalipita maandishi meupe. Akapandisha sauti mpaka mwisho, wapi! Akafunga safari hadi chuoni.

"Shemeji, tumeboresha," alisema msimamizi wa masomo, rafiki wa marehemu. "Darasani cherehani zinapiga kelele, hawasikii kitu. Sasa wanasoma."

"Wakisoma, mikono wanaitazama saa ngapi?"

Msimamizi akajikuna kichwa. "Hata wao wanalalamika. Kuna walioshona kola nyuma mbele."

"Basi nirudishieni ya zamani."

"Tuliifuta, shemeji. Nafasi ilijaa. Hatukujua kama bado unaisikiliza."

Uchungu wa siku ile ulizidi ule wa msibani, maana msibani alikuwa bado na kitu cha kusikiliza.

Nyumbani akalifungua tena lile somo. Akisoma, mikono inampita. Akiitazama mikono, maneno yameshakwenda. Akarudia. Mumewe alipofika kwenye kupunguza ncha, kikombe cha chai kikaingia pembeni mwa picha, kimeshikwa na mkono wa mwanamke. Mkono wake. Mchapaji wa yale maandishi, asiyejua lipi ni somo na lipi si somo, alikuwa ameandika yote: "Weka hapo, mke wangu. Usiondoke."

Akajaribu kukumbuka mumewe alivyolitamka hilo neno la mwisho, kama ni kwa mzaha au kwa kubembeleza. Jana alikuwa anajua.

Akayafunika maandishi kwa kidole gumba, akaitazama mikono peke yake, akalisema lile neno polepole jinsi alivyodhani mumewe alilisema. "Usiondoke."

Likatoka kwa sauti yake mwenyewe.