Mikono Miwili ya Nyumba Moja

Mkono wa kulia wa Sadiya ulianza kutetemeka baada ya homa, na homa yenyewe hakuipa nafasi. Mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia Isiolo haugui akajilalia. Akilala yeye, na maziwa nayo yanalala, yanachacha. Alfajiri lazima awe barabarani pikapu zikiingia kutoka malishoni, afungue mtungi mmoja baada ya mwingine, amimine kidogo kiganjani, alambe, ajue yapi bado mazuri na yapi yameshaharibika. Kisha ayachemshe, ayawahishe basi la Nairobi. Kazi hiyo ameifanya tangu mumewe, Dabasso, aache kuendesha lori na kuingia kazi ya kutafuna miraa na wenzake kivulini kule Wabera. Hiyo kazi ya pili, tuseme ukweli, anaiweza sana.

Mkono ulipozidi, maziwa yakawa yanamwagika nje ya chombo. Wateja waliomjua miaka mingi walianza kuinamisha macho na kujisogeza kwa muuzaji wa pembeni. Nyumbani Bulla Pesa kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima humwita Akko, yaani nyanya, alisema ni ayaana, pepo wanaotaka ngoma na mbuzi. Dabasso alisema ni uvivu umetafuta mahali pa kujificha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Dabasso kunguni wa kila kitanda anawajua yeye.

Sadiya hakubishana nao. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata usingizi hauuondoi. Alichotaka ni kimoja tu: mtu mmoja wa nyumba ile amwamini kwamba mkono umekataa kumsikia.

Basi siku moja wakaenda kliniki wote watatu, Sadiya kutafuta dawa, Dabasso kutafuta ushahidi, na Akko kuhakikisha hakuna atakayewadharau pepo. Akko alikaa kwenye benchi la ukutani, midomo ikicheza kwa zikri, kidole gumba cha kulia kikisugua cha shahada, kikienda na kurudi pajani bila kupumzika. Mtaani walimsifu kwa hilo. Mama yule, walisema, hata akisinzia anamtaja Mola.

Aliyewapokea ni Kiende, tabibu Mmeru asiye na haraka. Alimwambia Sadiya anyooshe mikono yote miwili, na ule wa kulia ukaanza vurugu zake.

"Sasa, mama, hiyo ya kushoto igonge meza vile mimi nagonga. Usiangalie ile ingine, angalia kalamu yangu."

Kiende akagonga polepole. Kisha haraka. Kisha akasita, akagonga tena kwa mwendo mwingine. Sadiya alijitahidi kumfuata kwa mkono wa kushoto, na hapo wa kulia, ambao haujamsikia mtu kwa miezi, ukaanza kuufuata wa kushoto. Kalamu ilipopunguza, nao ukapunguza. Kalamu ilipobadilisha mpigo, mtetemo ukapotea kidogo, kisha ukarudi.

Dabasso akainuka. "Si unaona! Anaweza kuwacha! Huyu amekuwa akituchezea."

"Imefuata ngoma," alisema Akko kutoka kwenye benchi. "Niliwaambia ni ayaana."

Sadiya aliutazama mkono wake kama mama aliyesikia mwanawe akimwita jirani mama. Aliona aibu kubwa, na hakuwa amefanya kosa lolote.

Kiende akaweka kalamu chini. "Baba, keti kwanza. Huyu hajifanyi. Kuna kutetemeka ya ugonjwa uko ndani ya ubongo. Hiyo haijali kalamu yangu, inaenda na mwendo wake tu. Hii ya mama ni ingine. Ubongo haijaharibika, lakini vile inatuma habari kwa mkono, hapo ndio kumevurugika. Akiiangalia, inazidi. Akili ikienda kando, inapoa. Lakini si yeye anawasha, na si yeye anazima. Ni ugonjwa wa kweli, na inaweza kupona. Kuna mazoezi tutamfundisha, na lazima apumzike."

"Kupumzika," alirudia Sadiya, kana kwamba ametajiwa mji ambao hajawahi kufika.

Kiende alikuwa ameshageukia benchi. "Shosho, tasbihi yako iko wapi?"

Akko akafumba ngumi. "Nahesabu na vidole."

"Haya. Wacha mkono hapo pajani, ulegee. Na ya kushoto igonge kama mama alivyogonga."

Akko aligonga. Kidole gumba cha kulia hakikufuata chochote. Kiliendelea na safari yake ile ile, na kadiri alivyogonga ndivyo kilivyozidi. Kiende akaukunja na kuukunjua mkono ule, akauona mgumu kiwikoni. Akamwomba Akko atembee hadi mlangoni. Mkono wa kushoto ulikwenda na kurudi ubavuni. Wa kulia ulining'inia tu.

"Sitasema ya mwisho leo," alisema Kiende kwa upole. "Lakini shosho lazima aonwe na daktari wa ubongo. Dawa za kupunguza ziko."

Dabasso akachuchumaa mbele ya mama yake, macho mekundu, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, Mama. Pole sana. Pole."

Sadiya aliumia, na sina haja ya kulizungusha neno. Miezi yote ile, pole ya namna hiyo hakuionja hata mara moja.

Akko ndiye aliyeuvuta mkono wake.

"Wacha kunipa pole, Dabasso. Mimi nilijua. Tangu mvua ya mwaka jana huu mkono unacheza peke yake. Nikaogopa nikisema mtaniweka kwa kona kama kitu imeisha. Ndio nikatia zikri juu yake, muone ni ibada. Mimi ndio nilikuwa najifanya, na wewe uliniamini bila kuuliza. Huyu amekuambia ukweli kila asubuhi, ukamwita mvivu. Na mimi nikasema ni pepo, ndio watu wamwangalie yeye, wasiniangalie."

Dabasso alirudi kwenye kiti chake, akaketi. Sadiya alidhani siku ya kumwona ameumbuliwa ikija atafurahi. Hakufurahi. Alijiuliza ni nani atakayeshika kikombe cha Akko mkono ukizidi, ni nani atakayemwogesha, na jibu alilijua.

"Baba Waqo," alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, "kesho pikapu zikiingia, utakuwa pale wewe. Mimi nitalala."

"Mimi? Mimi sijui maziwa, Mama Waqo. Nitajuaje mazuri na mabaya?"

"Hata mimi sikuzaliwa nikijua," alisema Sadiya. "Nilichoka mpaka nikajua."