Namba za Kitabu cha Spea

Usiniambie kitabu cha gari ni kitabu tu, nitakubishia mpaka tufunge gereji. Kile kinachokaa kwenye dashibodi ni cha dereva. Kinakuonyesha pa kuweka oili, tatizo lenyewe likija kinakwambia nenda kwa fundi! Cha spea ni picha za vifaa vimetawanyika hewani, kila kimoja na namba yake ya kuagizia dukani. Cha gereji ndicho kinachofundisha kazi: uanzie wapi, ukaze kiasi gani. Mimi hayo niliyajua kwa aibu.

Mzee aliyenipa ufundi alikuwa na gereji pale mtaa wa Daraja Mbili. Chuo sijasoma, Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo nilipenda kitabu cha spea. Picha haikuulizi vyeti. Siku moja mzee akaniachia trekta la shamba la maua la Usa River, nifunge silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, peke yangu. Nikafungua kitabu changu, nikakaza bolti kwa kufuata namba za kwenye picha, kutoka kushoto kwenda kulia. Roho kwatu.

Siku ya tatu likarudi linavutwa. Hedi imevuja, maji yameingia kwenye oili, imekuwa nyeupe. Msimamizi wa shamba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha mzee mbele ya gereji nzima.

"Mzee wangu, hapa mnatengeneza trekta au mnapika chai ya maziwa? Mashine zetu zote naziondoa leo."

Nikapandwa na hasira. Nani amseme hivyo mzee wangu? Nikamfuata na spana mkononi, mzee akanivuta shati.

"Tulia, wewe!" Akamgeukia yule bwana. "Hedi nimefunga mimi. Kosa ni langu."

Aisee, hilo lilinishinda.

"Siyo yeye! Nimefunga mimi. Nimefuata namba za hapa," nikamsukumia kitabu.

Msimamizi akatazama picha. "Kijana, hizi ni za kuagizia spea."

Nikakichukua kitabu changu, nikakifunga.

"Mnagombania kosa," akasema. "Mafundi wengine kosa wanamtupia dereva wangu. Haya, nawapa mpaka kesho jioni. Likivuja tena, naondoa zote."

Mzee akatoa kabatini kitabu cha gereji, kurasa zimelowa grisi, Kiingereza chake kilikuwa kinampita hata yeye mwenyewe. "Soma, mimi nakaza." Nikasoma kwa kukwamakwama: anza bolti za katikati, nenda za pembeni, rudia mara tatu. Neno likinigomea tunainamia mchoro wote wawili, tunabishana, anakaza.

Kesho yake msimamizi akachungulia oili, akapanda, akaliendesha mwenyewe mpaka barabarani. Mashine zao zikabaki kwetu.

Sasa mzee amerudi zake mlimani, kwenye kahawa na migomba. Mimi niko Kijenge, vitabu vya gereji nimevijaza kwenye simu. Ila nikifika ukurasa wa kukaza hedi nasoma kwa sauti, bolti ya kwanza, halafu nasubiri kidogo, kama vile mzee bado anakaza.