Sala ya Marehemu kwa Mama Aliye Hai

Kaka yangu alihamia Ruangwa, akaokoka, akarudi na wimbo mmoja tu: eti sala za marehemu zilibuniwa na wamonaki wa Ulaya. Nilikasirika, jamani! Nikaanza kutafuta chanzo chake, nikimsumbua paroko na kusoma kwenye simu hadi macho yakauma. Kweli, wamonaki wa Ufaransa ndio walioanza kuadhimisha tarehe mbili Novemba kama siku ya marehemu, yapata miaka elfu iliyopita. Lakini wao walipanga siku tu. Kuomba kwenyewe ni kwa kale zaidi: karne nyingi kabla yao, mama mmoja wa Afrika Kaskazini, akiwa anakufa, aliwaambia wanawe wamzike popote, mradi wamkumbuke altareni. Nilifurahi kama aliyeokota dhahabu kwenye machimbo ya Namungo.

Furaha haikudumu. Mama yetu aliugua huko Ruponda, na hospitali ikatwambia tumrudishe nyumbani. Katika ukoo wetu mzaliwa wa kwanza ndiye hufungua sala kaburini. Akigoma, wadogo hawawezi kumruka. Mama alilijua hilo. Akamwita kaka, akamuuliza mbele yangu, "Mwanangu, utanifungulia?"

"Mama, aliyekufa haombewi. Hayo ni mapokeo ya Wazungu."

Nikamrukia. "Wazungu gani? Yule mama niliyekusimulia alikuwa Mwafrika!"

"Sawa, lakini yeye si Biblia."

"Wewe nawe! Juzi tu ulikuwa unamtumikia padre altareni, leo unatufundisha dini!"

"Acheni," mama alisema. Sauti ilikuwa imemwisha. Niliogopa atakata roho huku tunabishana.

"Wafu hawaombewi. Haya," mama akamwambia kaka. "Mimi bado si mfu. Niombee sasa."

Kaka akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kwa sauti ya mkutano wa injili, akiukemea ugonjwa utoke. Mama akamziba mdomo kwa kiganja.

"Sitaki kupona, baba. Nimechoka. Niombee ile ya safari."

Jasho lilimtiririka kaka usoni. "Raha ya milele," akaianza sala ya marehemu, kisha akakwama, machozi yakidondoka kwenye shuka.

"Umpe, ee Bwana," nikamnong'oneza.

"Nyamaza wewe! Naijua."

Akaisema yote mpaka mwisho, na mama mwenyewe ndiye aliyeitikia Amina.