Likizo ya Mzee Kimya

Mtaani tulimwita Mzee Kimya, ingawa ukimpa kiti na kikombe cha chai alikuwa mwongeaji kuliko kinyozi. Jina lilitokana na kazi yake. Alikuwa mhudumu wa mochwari ya hospitali kuu, na watu walisema amezoea wateja wasiojibu. Wenzake wa wodini walimtania: "Wewe likizo ya nini, Mzee? Wateja wako hawana haraka wala malalamiko." Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu kutocheka kungewapa maneno mengine.

Utani ulikuwa mlango wa mbele tu. Kwenye sherehe watu walimsalimia kwa kumpungia, mikono ikiwa mbali na yake. Nyumbani mkewe, fundi cherehani, alimwekea ndoo ya maji na sabuni uani, na Mzee hakuingia ndani kabla ya kuoga na kubadili nguo. Si kwamba hakumpenda. Nguo za wateja zilining'inia sebuleni, na mkewe aliogopa kwamba wakihisi tu harufu ya kule, wangehama. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yao hakumuuliza hata mara moja siku yake imekwendaje. Ya kule yalimwagwa uani pamoja na maji machafu.

Kisha siku moja basi la abiria likapinduka barabarani. Abiria waliletwa hospitali kuu mchana kutwa, na wengi wao hawakupita wodini. Mzee Kimya aliwapokea, akawalaza, akawaonyesha ndugu zao mmoja mmoja. Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa mezani mpaka chakula kinapoa. Ukimwita, anaitika akiwa ameshachelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Binti yao, muuza simu dukani, ndiye aliyesema imetosha.

"Baba, likizo ya mwaka huu hupaki rangi nyumba ya mtu wala huezeki paa. Unakwenda kisiwani. Wewe na Mama."

"Kisiwani kufanya nini?"

"Kutofanya kitu. Ndiyo maana yake."

Wakakaa watatu jioni, vichwa vimegusana juu ya simu ya binti. Kulikuwa na hoteli ndogo yenye vibanda vya makuti, mchanga mweupe, na kitanda cha wavu kilichofungwa kati ya minazi miwili. Mama alitaka kibanda kilicho mbali na jiko. Binti alitaka wachukue kile kinachotazama bahari. Mzee Kimya alitazama picha, kisha akauliza, "Huko kuna hospitali?"

"Baba!"

"Nauliza tu."

"Kuna zahanati. Ina nesi mmoja. Umeridhika?"

"Nimeridhika. Mahali padogo watu hawafi sana."

Mkewe aligonga meza kwa mkasi. "Hayo ndiyo maneno ambayo hutayasema huko. Mtu akikuuliza kazi, sema unatunza stoo."

"Stoo ya nini?"

"Utajua mwenyewe. Stoo."

Akamshonea kaptura ya kitambaa cha maua makubwa. Mzee alipoijaribu, binti alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye akacheka, na mkewe akageukia cherehani ili wasimwone akifuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza Mzee kucheka tangu lile basi.

Kisiwa kilikuwa kama kwenye picha, jambo ambalo Mzee Kimya hakulitarajia. Siku ya kwanza alilala kwenye wavu mpaka jua likamchoma magoti. Chakula cha jioni waliketishwa meza moja na mume na mke kutoka mji mwingine. Mume alikuwa muuza matairi, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kilichoanzia tumboni. Alinyoosha mkono juu ya sahani, akaushika wa Mzee Kimya na kuutikisa kana kwamba anapiga pampu ya maji.

"Na wewe, kaka, unafanya kazi gani?"

Mzee alimtazama mkewe. "Natunza stoo."

"Stoo ya nini?"

"Ya... vitu vya baridi."

"Samaki?"

"Na vingine."

Muuza matairi alicheka, ingawa hakuna aliyejua kwa nini, na wote wanne wakajikuta wanacheka. Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Wanawake walitembea ufukweni wakizungumzia watoto. Wanaume walicheza karata chini ya kibanda, na muuza matairi aliiba waziwazi, akikamatwa anasema macho yake mabovu. Kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kuogelea, akimpigia Mzee hodi njiani.

"Mtu wa stoo! Twende majini!"

"Mimi sijui kuogelea."

"Basi njoo ukae ufukweni unilindie nguo."

Mzee alikwenda siku za mwanzo. Asubuhi moja usingizi ulikuwa umemkolea, usingizi mzito ambao hakuupata kwa miezi. Alisikia hodi, akavuta shuka, akaendelea kulala. Mkewe, aliyekuwa macho, alifurahi kumwona amelala hivyo. Hakumwamsha.

Muuza matairi hakurudi kunywa chai. Upande ule wa kisiwa kulikuwa na mkondo ambao wenyeji waliujua, na wageni walikuwa wameambiwa wasipite jiwe jeusi. Alipita. Mashua za hoteli zilimtafuta, na mchana zikamleta.

Meneja wa hoteli alichanganyikiwa. Hakutaka wageni waone. Akaamuru mwili uwekwe haraka kwenye chumba cha kuhifadhia magodoro ya ufukweni, ukafunikwa kwa turubai. Nesi wa zahanati, msichana aliyeanza kazi karibuni, alikuwa amethibitisha kifo na sasa amesimama mlangoni. Mke wa muuza matairi alilia nje, akitaka kuingia, huku wahudumu wawili wamemzuia.

Mzee Kimya alisimama. Mkewe akamshika shati.

"Usiende. Tafadhali. Uko likizo."

"Nimewaona wakimlaza kifudifudi, mama. Akiingia sasa, hiyo ndiyo sura atakayoishi nayo."

Mkewe akaliachia shati.

Mlangoni meneja alimzuia. "Mzee, hapa si mahali pa wageni."

"Mimi nafanya kazi mochwari," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza za chakula. "Nileteeni maji, taulo, shuka safi, na barafu yote mliyonayo."

Alipokuwa kazini alikuwa na desturi ya kuongea na maiti. Wenzake walimjua hivyo: "Haya mama, inua mkono kidogo. Haya kijana, tunamaliza sasa hivi." Aliongea nao kama mtu anavyoongea na mzigo ili usimwelemee. Siku hiyo naye akaanza, "Haya kaka, geuka kidogo," na hapo hapo akasikia kichwani kile kicheko. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwosha mtu aliyewahi kumsikia akicheka. Wote waliletwa kwake wakiwa tayari kimya, na yeye, bila kujua, alikuwa amewapokea kana kwamba walizaliwa hivyo.

Akaosha mchanga masikioni na kwenye pembe za macho. Akafunga kidevu, akanyoosha miguu, akachana nywele upande ambao muuza matairi alizichania. Nesi alimsaidia kupanga barafu pembeni. Kisha akatoka, akamkuta yule mjane amekaa chini mchangani, na mkewe fundi amempakata kichwa.

"Dada, njoo sasa," alisema. "Nimemtayarisha."

Mjane aliingia. Akamgusa mumewe paji la uso, kisha akamgeukia Mzee Kimya.

"Kumbe stoo yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo, dada. Niliwadanganya. Nisamehe."

"Angecheka sana," mjane alisema, akaketi sakafuni kando ya mumewe.

Jioni ile mhudumu aliyekuwa akiwatania kila siku aliweka sahani ya Mzee ukingoni mwa meza na kurudi nyuma upesi. Habari zilikuwa zimeenea. Mkewe aliona. Akaivuta ile sahani mbele yake, akala kutoka kwayo, akamtazama mhudumu hadi akaondoka.

Kesho yake waliondoka na boti iliyobeba mwili, ingawa siku zao za likizo zilikuwa zimebaki nyingi. Mjane hakuwa na mwingine wa kumsindikiza. Bandarini kaka zake marehemu walipokea jeneza na kuondoka bila kuuliza wale wawili ni nani.

Aliporudi kazini, mwili wa kwanza ulikuwa wa mwanamke wa makamo. Mzee Kimya aliinua shuka, akajiuliza alikuwa akichekaje. Akalirudisha shuka. Alijaribu wiki nzima. Kila aliyeletwa alikuja na sauti yake, na hodi yake, na Mzee akijiona amelala, kama asubuhi ile kisiwani. Mwishowe akaenda kuomba ahamishwe.

Mkubwa wake alishangaa. "Watu hukimbia pale mwezi wao wa kwanza kazini. Wewe unakimbia leo?"

"Leo ndiyo nimefika, bosi."

Wakampeleka chumba cha kufulia. Huko alifua mashuka ya hospitali hadi alipostaafu, mgongo ukiwa umepinda, akiwa mkimya kweli safari hii. Mkewe aliacha kupeleka ndoo uani. Alijitahidi kumuuliza, kila jioni, "Leo ilikuwaje?" Alikuwa ameuanza mtindo huo kwa dhati, na hakuuacha. Lakini alichelewa, na mwenyewe alilijua hilo. Mzee alikaa, akavua viatu, akafikiri kama mtu anayetafuta jambo la kusimulia, halafu akasema, "Mashuka tu, mama. Mashuka tu."