Nta Nyekundu Kwenye Kiti cha Vital

Dorothée alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaona kiti, akaufunga tena. Alisimama pale uani, mkono bado kwenye kitasa, akasali Salamu Maria nusu tu, maana nusu ya pili haikumjia. Kisha akafungua mara ya pili. Mishumaa thelathini aliyoiacha humo asubuhi, ikiwa imefungwa kwa gazeti, haikuwa mishumaa tena. Jua lilikuwa limeipiga kupitia vioo vilivyofungwa, nayo ikalala, ikayeyuka, ikapita gazeti na kumwagika juu ya kitambaa cha kijivu. Doa lilikuwa pana kama sinia, na michirizi miwili ilishuka mpaka chini miguuni. Jekundu kabisa.

Kama ingekuwa mishumaa myeupe, angeona aibu kidogo, akaomba msamaha, basi. Lakini hii ilikuwa ya sikukuu ya mashahidi wa imani, na siku hiyo wamama wa parokia hushika nyekundu. Aliitengeneza mwenyewe kila mwaka, kama masista walivyomfundisha akiwa darasa la tano, mwaka wake wa mwisho wa shule. Alikusanya vipande vilivyobaki altareni, akaviyeyusha katika sufuria, akatia unga wa rangi ule wanaopaka mikeka sokoni, akamimina katika vipande vya bomba. Hata wakati wa vita, alipokimbia na sufuria hiyo kichwani, hakuiacha. Majirani wengine hapo Ngezi hawakujua jina lake. Walisema tu, mama ya buji, yaani wa mishumaa.

Gari lilikuwa la Vital, mdogo wa marehemu mume wake, aliyeliacha hapo uani kwake. Kesho asubuhi Vital alipaswa kwenda nalo Kpandroma kumleta Viviane, binti wa Dorothée, aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Huko juu watu walikuwa wameanza tena kusikia risasi milimani, na Viviane alikuwa ametuma neno: mama, munifuate mbio. Barabara ilikuwa wazi, ndiyo, lakini kwa uwazi wa siku zile: magari yanakwenda pamoja, mara mbili kwa wiki, na katikati kuna bariere ambako askari wanafungua kila mlango. Wiki iliyopita dereva mmoja alishushwa hapo kwa sababu ya damu kwenye kiti chake cha nyuma. Alisema ni ya mbuzi. Alifungwa siku nne kabla mtu hajamsadiki.

Dorothée alilitazama doa. Nani angemsadiki mtu anayesema ni mishumaa?

Kwa hofu alikosea. Alikimbia kuleta maji ya moto akamwaga, na nta, badala ya kutoka, ikalainika na kuingia ndani zaidi ya kitambaa. Aliona ikizama mbele ya macho yake. "Ee Mungu wangu, weye Dorothée, una akili?" akajiambia kwa sauti, akakaa chini kwenye vumbi mpaka moyo utulie.

Alipotulia alikumbuka kazi yake. Nta hakuna aijuaye kama yeye. Ikiwa moto inakimbia, ikiwa baridi inavunjika. Alikwenda dukani penye frigo, akaomba vifuko vitano vya maji yaliyoganda, akavipanga juu ya doa na kungoja. Nta ilipokuwa ngumu kama ganda la yai, aliikwangua kwa mpini wa kijiko, si kwa kisu, kisu kingekata kitambaa. Vipande vikaruka. Baadaye akawasha makaa ndani ya pasi, akapasua mfuko wa simenti, akachukua karatasi ya katikati isiyo na vumbi, akaiweka juu ya kiti na kupitisha pasi polepole, akiinua, akiinamia, akichunga kaa lisianguke. Karatasi ilikunywa nta, ikawa yenye mafuta, yenye kung'aa. Akageuza upande, akachukua nyingine, na nyingine, hadi ya tisa ikabaki kavu.

Nta ilikuwa imekwisha. Rangi ndiyo iliyobaki.

Sasa doa lilikuwa la waridi, pana kuliko mwanzo, kingo zake zimefifia. Dorothée alirudi hatua mbili nyuma, akalitazama. Kwanza lilifanana na damu. Sasa lilifanana na damu ambayo mtu amejaribu kuifua.

Kinachotoa rangi ile alikijua, maana mikono yake mwenyewe aliisafisha nayo kila mwaka: spiriti. Farmasi ya karibu haikuwa nayo tangu mwezi uliopita. Ilibaki nyumba ya nne toka kwake, kwa Adèle, aliyepika kaikpo, pombe kali ya muhogo. Kwa miaka sita Dorothée alikuwa akimwombea Adèle aache kazi hiyo, na mara nyingine alimwombea kwa sauti, kando ya ua.

"Eeeh! Mama ya buji!" Adèle alipiga makofi. "Leo Yesu amekupatia ruhusa?"

"Usinicheke, dada. Niko na shida. Ni ya kusafisha kiti."

"Bote banasema ivyo. Ya kusafisha koo, ya kusafisha tumbo. Weye wa kwanza kusema kiti!"

Lakini alipoiona nta nyekundu kwenye kucha za Dorothée, Adèle aliacha kucheka. Alitoa chupa ya ile inayotoka kwanza, ile yenye kuwaka moto wa bluu. "Chukua bure. Ila utapita mbele ya katekista na chupa mukononi. Si kuificha ndani ya kitenge. Mi pia minataka kuombewa na mutu mwenye kujua nyumba yangu."

Dorothée akapita hivyo. Papa Osée, katekista, alikuwa mlangoni pake. Aliisalimu chupa kwa macho kabla ya kumsalimu mwenyewe. "Mama Viviane, amani?" "Amani, papa." Akaendelea na njia. Jumapili angeeleza, kama Jumapili ingemkuta na nguvu za kueleza.

Alijaribu kwanza chini ya kiti, mahali pasipoonekana, kitambaa kisije kikapoteza rangi yake. Kisha akalowesha kitambaa cheupe, akagusa-gusa kutoka kingoni kuelekea katikati, bila kusugua, akibadilisha upande kila mara. Kitambaa kikawa chekundu. Alipofika katikati mgongo ulikuwa umekufa ganzi, na kwenye kiti kilibaki kivuli tu, kama uso wa mtu aliyeona haya.

Vital alifika jua likishuka. Akaingiza kichwa garini, akakitoa mbio.

"Shemeji! Nani alikunywa humu?"

"Kiti, ndugu yangu." Akamweleza yote. Vital aliinama kukitazama kiti.

"Tufunike na kitenge," akasema.

"Hapana. Kitenge ndo kitu ya kwanza banafunua. Kesho minaenda na weye."

Asubuhi walitoka vioo wazi, lakini harufu haikutoka. Dorothée alikaa nyuma, juu ya kile kivuli, rozari mfukoni. Walipofika bariere yalikuwapo magari sita mbele yao. Lilipofika lao, askari kijana akavuta pumzi na kutabasamu vibaya.

"Dereva, shuka. Pumua hapa." Vital akapumua. Hakuna kitu. "Mama, na weye." Dorothée, mwenye miaka hamsini na minne, ambaye hata divai ya arusi hakuwahi kuonja, akampumulia askari usoni. "Asi, mama, iko njaa tu humu! Pombe iko wapi?"

Alijua angeweza kusema chupa ilipasuka. Ulimi ulikataa. "Nilipakaa kwenye kiti. Ilikuwa na doa ya buji."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Tabasamu likaisha. Kijana akamwamuru asogee, akaona kivuli, akaita. Alikuja mkubwa wake, mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Aliinama, akaweka pua karibu na kitambaa, akakaa hivyo muda mrefu. Akapitisha kidole gumba. Dorothée alishika rozari mfukoni.

"Damu ukiiwekea pombe, inashika," mzee alisema, kama anayeeleza mambo ya bustani. "Na haibakie ya waridi. Inageuka kama chai. Hii si damu. Bapite."

Vital akawasha gari, wakapita. Dorothée hakutaka kufikiri mzee yule alijifunza hayo kwenye viti gani.

Walipofika Kpandroma, Viviane aliingia na mtoto, akakunja pua. "Mama, hii harufu?"

"Nitakuelezea nyumbani," Dorothée alisema, akasogea kwenye kile kivuli, mtoto akae upande wa dirisha. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kuanza rozari upya, maana kurudi ni njia ileile, na hakuna aliyewaambia nani angesimama bariere saa hiyo.